Nilivyoliweka Jua Mahali pa Sindano

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuziba dirisha. Nalitaja mapema kwa sababu kwa muda mrefu niliamini ndilo kosa pekee, na imani hiyo ndiyo iliyonipeleka kwenye la pili, ambalo mwanangu analibeba begani mpaka leo.

Mie ni mpambaji wa keki. Sijasomea popote. Nilijifunza kwa simu, nikitazama video za watu wa nchi za baridi wasiojua joto la Kinondoni, nikajaribu, nikaharibu, nikatupa, nikajaribu tena. Keki yangu ya kwanza ya harusi niliikwangua krimu yote na kuipaka upya kwa sababu ya mstari mmoja ambao hakuna mgeni angeuona. Ndivyo nilivyo. Nikijua kitu kimepinda, usingizi hauji.

Chumba changu cha kazi kilikuwa na dirisha moja, upande wa mashariki. Asubuhi jua liliingia mpaka mezani, na krimu haipatani na jua. Waridi ulilolikunja kwa subira linalala kama kitambaa kilicholowa. Nikakata maboksi ya unga, nikayapigilia kwenye fremu, juu yake nikabandika karatasi ya foili, nikawasha taa na feni. Chumba kikawa cha baridi kidogo na giza zuri. Nilijipongeza. Haukupita muda nikagundua nina mimba.

Mama mkwe wangu anatoka Newala. Amefunda wasichana wengi kwao, na alipohamia kwetu baada ya kufiwa na mumewe, alikuja na mafundisho yake yote. Siku tulipompa habari alicheka, akalia, kisha akafunga mlango.

"Mimba ya kwanza haitembezwi," akaniambia. "Tumbo likionwa na kila jicho, mtoto anachoka kabla hajazaliwa. Wewe una bahati, kazi yako ya ndani. Kaa ndani."

"Na wateja, mama?"

"Wateja wanakula keki au wanakula wewe?"

Nikakaa ndani. Sitamsingizia, sikulazimishwa. Amri ile ilinifaa. Mtu mwenye wasiwasi kama mimi hupenda sheria, tena sheria inayomruhusu asitoke. Vijana wa bodaboda walikuja kuchukua keki mlangoni, mume wangu Shaibu alikwenda sokoni Tandale, na mie nilitoka kwa ajili ya kliniki tu, ndani ya dera pana na mtandio mpaka usoni. Masika yote niliyasikia juu ya bati bila kuyaona. Mama mkwe alinilisha uji wa mchele wenye sukari, tende, chai ya maziwa. Katikati nilikuwa naonja krimu, maana ulimi ndio mizani yangu. Nilinenepa, kila mtu nyumbani akafurahi.

Dalili zilikuwepo. Nilikuwa na kiu isiyokatika. Nilikwenda chooni mpaka nikawa naona haya kupita mbele ya mama mkwe. Shingo iliingia weusi ambao haukutoka kwa kusugua. Halafu sisimizi. Wapangaji wote tulitumia choo kimoja, na kila nilipotoka nikirudi baadaye nilikuta sisimizi wamejipanga sakafuni. Nilidhani ni sukari ya keki inadondoka kwenye nguo zangu. Nikaanza kubadili gauni kabla ya kwenda chooni, nikaongeza kudeki. Mtu mwingine angejiuliza sisimizi wanatafuta nini. Mie niliona uchafu tu.

*

Kipupwe kilipoingia nilikwenda kliniki, wakasema wajawazito wa umri wa mimba yangu wapimwe sukari. Unakuja hujala, unapewa maji matamu ya glukosi, unakaa, unasubiri, unatolewa damu. Kukaa na kusubiri ndiyo sehemu kubwa ya ugonjwa huu. Hilo hakuna aliyeniambia. Benchi la mbao, ukuta wa kijani uliochubuka kwenye usawa wa vichwa vya watu, na wanawake wote wameshika chupa wakikunja uso.

"Jamani, haya maji ni ya nani?" akauliza mama mmoja pembeni yangu. Baadaye nilimjua kuwa ni Mama Neema, mtu wa Songea, mimba ya nne. "Kama juisi ya harusi iliyosahauliwa rangi."

"Kunywa tu mama, harusi yako," akajibu nesi.

"Bwana harusi yuko wapi sasa? Ananipigia simu ananiuliza chumvi iko wapi!"

Benchi zima likacheka. Nami nilicheka. Ni kicheko changu cha mwisho ninachokikumbuka katika ile mimba.

Walipoita jina langu nesi alikuwa ameshika kadi yangu kwa mikono miwili. "Dada Salha, sukari yako iko juu. Inaitwa kisukari cha mimba. Usiogope, inatunzwa."

Sikuuliza hata swali moja. Nilichosikia ni kwamba nimefeli.

Nyumbani mama mkwe hakuamini. "Kisukari cha mimba? Mie nimezaa saba, sijasikia. Huo ugonjwa wa watu wa Mbweni, wanaokwenda dukani na gari. Wewe unapanda nini?"

"Wamepima, mama."

"Wamekunywesha sukari halafu wakashangaa kukuta sukari. Hata mie ningeiona."

Shaibu alicheka kidogo, kisha akaniona uso, akaacha.

Kliniki walinipangia chakula: ugali wa dona kiasi cha ngumi, mboga nyingi, maharage, samaki, uji wenye sukari basi, tende basi. Mama mkwe alipika alivyoambiwa lakini aliinua sahani yangu kama mtu anayepeleka chakula gerezani. Nilifuata kila kitu. Nilipima ugali kwa ngumi mpaka ngumi ikauma. Hata hivyo baada ya kula sukari haikushuka walivyotaka, na kliniki iliyofuata wakanianzishia sindano za insulini.

Niliziweka kwenye mlango wa friji, karibu na siagi ya keki. Kila nilipotoa siagi nilikiona kile kichupa. Sindano yenyewe ni fupi na nyembamba, maumivu yake si kitu. Tatizo ni mahali. Wanakwambia tumboni, pembeni ya kitovu, na ndani ya tumbo hilo yupo mtu unayemsikia akigeuka. Siku ya kwanza sikuweza. Shaibu anachonga vinyago vya mpingo, mikono yake imezoea patasi na damu ya vidole. Akachukua sindano, akaielekeza tumboni, akairudisha mezani.

"Mpingo naukata," akasema, "hiki kijisindano kinanitoa jasho."

"Basi shika ngozi, nidunge mwenyewe."

Akakunja ngozi ya tumbo langu kwa vidole viwili, taratibu, kama anashika kifaranga, nami nikadunga. Tukawa tunafanya hivyo kila mara. Ukiniuliza jambo gani jema nakumbuka katika miezi ile, ni vidole vile viwili.

*

Lakini kichwa changu hakikutulia. Nilitaka kujua kwa nini mimi. Mama Neema alikula wali mbele ya macho yangu na kipimo chake kilikuwa safi. Nikarudi kwenye simu, mwalimu wangu wa siku zote, na huko nikakuta maandishi yanayosema kwamba wajawazito wanaopata jua kidogo huenda wakawa kwenye hatari zaidi ya kupata kisukari cha mimba. Waliandika "huenda". Nililiruka neno hilo. Niliinua macho, nikaliona dirisha langu.

Niling'oa yale maboksi kwa mikono mpaka misumari ikanichana. Jua likaingia mezani, na keki ya kipaimara iliyokuwa pale ikaanza kuteleza mbele yangu. Sikuigusa. Nililia kwa namna ya furaha, maana hatimaye nilikuwa na jibu, na jibu hilo lilikuwa kosa langu mwenyewe. Kosa langu mwenyewe naweza kulirekebisha.

Nilimuuliza daktari. Alinijibu vizuri, namkumbuka neno kwa neno. "Jua la asubuhi ni zuri, toka, tembea. Lakini hakuna anayeweza kukwambia kwamba wewe umeugua kwa sababu ya dirisha. Mambo ni mengi: mwili, ukoo, chakula, kukaa. Na jua haliondoi sindano."

Nilibeba sentensi ya kwanza nikaiacha ya mwisho mezani kwake.

Nyumba zetu zimebanana, jua lenyewe halifiki chini mpaka limepanda. Mahali pekee lilipokaa ni uani, penye kamba za nguo, na uani ulikuwa himaya ya Mama Rama, mpangaji mwenzetu anayeuza dagaa. Alikuwa akitandaza magunia yake pale na kuanika, huku akiongea na kila anayepita. Nikaweka kigoda changu kando ya magunia. Nilivaa khanga moja, nikalifunua tumbo lililofichwa tangu masika, nikakaa.

Siku ya kwanza Mama Rama alishika kiuno. "Haa! Kumbe mna mgeni humo ndani na hamsemi? Mie nilidhani Salha amenenepa kwa keki."

"Daktari kasema nipate jua."

"Basi karibu kwa wenzio." Akaonyesha dagaa. "Ila ugeuke-geuke shoga, utaiva upande mmoja."

Ikawa utani wake wa kila siku. Nikitoka tu, "Leo upande gani?" Wapangaji walicheka, hata mie nilizoea. Mama mkwe hakuzoea. Alitoka mbio na khanga akanifunika mbele ya watu wote.

"Tumbo nje! Nimelificha miezi yote hiyo, wewe unalianika na dagaa?"

"Ni dawa, mama."

"Dawa ya nani? Yule anahesabu tumbo lako kwa macho, humwoni?"

Sikumsikiliza. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe nilimwondolea khanga mkononi. Aliingia ndani, na kutoka siku hiyo hakula nami tena. Aliweka chakula mezani akaondoka bila kunikaribisha.

Sasa nifike pale panapouma.

Asubuhi moja nilidunga sindano, na kwa kuwa niliogopa chakula kuliko njaa, nikala kipande kidogo cha kiazi, nikaenda kukaa juani. Miezi ya kipupwe ilikuwa imekwisha, jua lilikuwa limeanza ukali wake. Baada ya muda mikono ikaanza kutetemeka. Jasho likanitoka baridi, midomo ikafa ganzi, magunia ya dagaa yakawa yanasogea. Nilisikia Mama Rama akipiga kelele, "We Salha! Salha! Anaanguka huyu!" Akanidaka kichwa kikiwa kinaelekea saruji. Alinifungua mdomo akaninywesha soda yake aliyokuwa anakunywa, funda kwa funda, huku ananitukana kwa woga: "Kunywa, mshenzi wewe, usinifie kwenye dagaa zangu!"

Nilipopata nguvu nilijitoboa kidole, nikajipima kwa mashine niliyopewa kliniki. Sukari ilikuwa imeshuka chini kabisa.

Mtu yeyote aliyefundishwa vizuri angejua nini kimetokea: sindano ndani, chakula hamna, joto juu. Nesi alishatuonya, usidunge bila kula. Mie nilikaa na ile mashine mkononi nikafikiri: jua limeishusha. Jua linafanya kazi. Jua na sindano kwa pamoja vimezidi, basi kimoja kiondoke.

Nikapunguza sindano. Baadaye nikaziacha.

Shaibu nilimwambia nimezoea, sihitaji tena anishikie ngozi. Akatabasamu. "Umeshakuwa nesi sasa." Nilikuwa naingia chumba cha keki, nafungua friji, naifunga, natoka. Na mashine ya kupimia niliitumia nikiwa nimetoka juani na sijala, wakati ambao sukari hukaa vizuri. Sikuandika namba ya uongo hata moja. Nilichagua tu wakati wa kupima. Siku moja kabla ya kliniki nilikuwa naishi kwa maji na matango. Namba zangu zilipendeza kuliko za mtu yeyote kwenye benchi. Nesi aliwaonyesha wenzangu kadi yangu. "Mnaona? Mfuateni Salha."

Mama Neema, ambaye wakati huo naye alikuwa amepatikana na sukari akadungwa kama sie, aliniangalia kwa wivu. "Wee dada unakula nini, hewa?"

"Jua," nikasema, na nilijivuna.

Kliniki za mwisho daktari alipima tumbo akarudia. "Mtoto anakua haraka kuliko nilivyotegemea kwa namba hizi. Salha, sindano unachoma zote?"

"Ndiyo, daktari."

Aliniangalia. Nilimwangalia pia. Angeniuliza mara ya pili sijui ningejibu nini, lakini nje kulikuwa na benchi zima linasubiri.

*

Uchungu ulinianza na mvua za kwanza za vuli, kabla ya siku waliyonipangia. Sitaeleza yote. Nitaeleza kichwa kilivyotoka na mwili ukabaki. Nilisikia chumba kimebadilika. Wakunga waliokuwa wanazungumza mambo ya foleni walinyamaza ghafla, mmoja akaita jina la mwenzake kwa sauti ambayo haikuwa ya kuita bali ya kuomba.

"Usisukume, Salha! Acha! Usisukume kabisa!"

Walinikunja miguu mpaka magoti yakagusa kifua. Mmoja alipanda kwenye stuli akanikandamiza juu ya kinena kwa uzito wake wote. Bega lilikuwa limekwama nyuma ya mfupa. Nilihesabu taa za dari kwa sababu kichwa changu hakina kazi nyingine wakati wa hofu. Kisha akatoka kwa mara moja, mzito, wa buluu, kimya. Nikasikia wakimsugua. Nikasikia kitu kama paka mdogo. Wakapita naye mbio, na kitu pekee nilichokiona ni mkono wake wa kulia ukining'inia nje ya kitambaa, unayumba, kama si wa kwake.

Tulimwita Sabra. Alilazwa wodi ya watoto wachanga kwa sababu sukari yake iliporomoka alipozaliwa. Mwili wake ulikuwa umezoea kupambana na sukari yangu. Walikuwa wanamtoboa kisigino mara kwa mara kumpima. Mie nilikaa kwenye benchi la kina mama nikikamua maziwa kwenye kikombe, huku vidole vyangu vimepona kabisa, visigino vyake vikiwa ndivyo vinavyouma badala yangu. Benchi lile halina mzaha kama la kliniki. Mtu anaitwa, anaingia, wengine mnaangalia atatoka na uso gani.

Mkono haukusogea. Ulilala umenyooka, kiganja kimegeukia nyuma. Daktari alinieleza kwamba mishipa ya fahamu ya bega ilivutika wakati wa kumtoa. Inaweza kurudi, inaweza isirudi yote. Mazoezi, na subira.

Halafu akasema, hakunilaumu, alikuwa kama anajiuliza mwenyewe, "Tungejua sukari haikutulia tungekupangia upasuaji mapema. Lakini namba zako zilikuwa nzuri."

Nilikamata ukingo wa kitanda. Nikauliza mazoezi yataanza lini.

Ningenyamaza mpaka leo, nakiri. Aliyenitoa maneno kinywani ni Mama Rama.

Tuliporudi nyumbani mama mkwe alimvua mtoto nguo, akauinua ule mkono, ukaanguka. Akaufunika. "Nilisema," akasema kwa sauti ya chini. "Nilisema lisionekane. Yule mwanamke alisema nini kila siku? Utaiva upande mmoja. Haya, si huu hapa upande mmoja?"

Nilisema, "Mama, ule ulikuwa utani."

"Ulimi wa kijicho hauna utani."

Maneno yalitoka nje ya mlango wetu yenyewe. Kabla mtoto hajakaza shingo, uani palikuwa pamegawanyika. Kuna waliobeba watoto wao wakapita mbali na magunia. Kuna walioacha kununua dagaa. Mama Rama aliacha kuongea na wapita njia, akawa anaanika kimya, mgongo ukielekea kwetu. Mie niliona yote kupitia dirisha lile lile nililolifungua. Kila asubuhi nilijiambia leo nitasema, na kila asubuhi nilipata sababu: mtoto analia, Shaibu amechoka, mama hajala.

Siku ya arobaini tulipika. Wageni walikuwa wachache, ndugu wa Shaibu na majirani. Mama Rama alikuja na bakuli la pilau lililofunikwa, pamoja na doti ya khanga kwa ajili ya mtoto. Mama mkwe alisimama mlangoni.

"Hapana," akasema. "Chakula chako rudi nacho. Na huyu mtoto hutamwona."

Mama Rama alitazama ndani akanitafuta kwa macho, akanipata. Alikuwa ananisubiri mimi. Yeye ndiye aliyenidaka kichwa.

Nilimpa Shaibu mtoto. Nikaenda kwenye friji nikatoa vichupa vya insulini, kimoja kimepungua kidogo na vingine havijafunguliwa, nikaviweka juu ya meza kati ya sahani.

"Chanzo cha mkono ule ni hivi," nikasema. "Sikuchoma. Niliacha, nikakaa juani, nikawadanganya nyote. Daktari aliniuliza nikasema nachoma. Mtoto akawa mkubwa, hawakujua, bega likakwama. Mama Rama hana kosa. Siku ile nilipoanguka ni yeye aliyeniokoa, na sikuwahi kuwaambia."

Kijiko kilianguka mahali fulani. Mama mkwe alikaa chini kwenye kizingiti, polepole, kama amezeeka hapo hapo.

"Hata Shaibu?" akauliza. "Hata mumeo ulimdanganya?"

"Hata yeye, mama."

Mama Rama aliliweka bakuli chini karibu na miguu ya mama mkwe. "Mie nilikupa soda yangu," akaniambia. Sauti yake haikupanda. "Umekaa na hilo siku zote hizi, mie natemewa mate." Akageuka akaondoka.

Shaibu alikwenda kazini, akarudi, akambeba mtoto, akalala akitazama ukuta. Siku aliyofungua kinywa alikuwa ananoa patasi. Hakuinua macho.

"Kama ulikuwa unaogopa ungeniambia. Ningekudunga mie."

"Sikuwa naogopa."

"Sasa ilikuwa nini?"

Nilifikiri sana kabla ya kumjibu, kwa kuwa nilikuwa nimeshachoka na majibu mazuri. "Kila sindano ilikuwa inanikumbusha kwamba nimeharibu. Nilitaka niirekebishe mwenyewe mpaka isionekane kama iliwahi kuharibika."

Akanoa kidogo, akasimama. "Si keki, Salha."

Hakurudi kwao, hakunirudisha kwetu. Hilo kwangu lilikuwa jambo kubwa.

*

Nimeandika haya kwa ajili ya yule aliyekaa kwenye benchi lile leo, kadi mapajani, anatafuta kwenye simu kosa alilofanya. Toka nje, ukapate jua, tembea asubuhi kabla halijawa kali. Mie nilikaa gizani nusu ya mimba na sitamshauri mtu. Lakini usilipe jua kazi ya sindano. Usidunge bila kula. Ukiulizwa kama unachoma, sema ukweli hata kama ni wa aibu, kwa maana daktari anapanga kuzaa kwako kwa maneno yako. Na ile hamu ya kupata sababu moja, iliyo safi, inayoeleza kila kitu, iogope. Sijui kama dirisha liliniletea ugonjwa. Sitajua. Bega la mwanangu najua lilitoka wapi.

Sabra sasa anatembea. Sukari yangu ilishuka baada ya kujifungua, ila wameniambia inaweza kurudi, kwa hiyo kila mwaka naenda kupima, na Shaibu anakaa nami kwenye benchi. Dirisha halina maboksi. Keki napamba jioni, na zile zisizonyooka vizuri nazitoa hivyo hivyo. Mama Rama anaitikia salamu yangu, hanitanii. Mama mkwe alikwenda mwenyewe kumwomba radhi, nami nilimfuata nyuma, na tangu hapo ndiye anayemfanyisha mtoto mazoezi: kila asubuhi anamkalisha uani, kifua wazi, mbele ya kila jicho, anauinua ule mkono na kuushusha. Nguo za Sabra tunaanza kuvisha mkono wa kulia, kwa kuwa ndio usioweza kujisaidia. Unafika mdomoni. Juu ya bega haujafika.